Baba Mwenye Kitambi, Dada Mwenye Mtoto Mgongoni

Watu wakija kununua zafarani huuliza kama inanukia. Mwanamke yule aliuliza kama inaandika.

Mikidadi alikuwa amekaa nyuma ya mizani yake katika soko la Arusha, asubuhi ya baridi, Mlima Meru umejifunika mawingu mpaka kiunoni. Biashara ya viungo ilikuwa imemfundisha kumsoma mnunuzi kabla hajafungua mdomo: huyu ana harusi, huyu ana mgonjwa, huyu hana kitu ila anapenda kushikashika. Huyu wa leo alimshinda. Kanga zake zilikuwa safi na zimepauka, na vidole vyake vilikuwa na ule mng'aro wa mafuta ya maandazi ambao hautoki hata usugue na majivu.

"Mama, hii ni zafarani," Mikidadi alisema. "Wino unauzwa kwa Wahindi, pale mbele."

"Najua nilichokuja kununua. Nauliza hivi: ukiiloweka itaonekana kwenye sahani nyeupe, au ni majani uliyoyapaka rangi?"

Hapo Mikidadi akaelewa. Ilikuwa ya kombe. Mwalimu huandika aya kwenye sahani kwa zafarani, maandishi yakaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Alikwisha kuwauzia wengi. Akataja bei yake, mwanamke akataja yake, na bei hizo mbili zilikuwa mbali kama Arusha na Dodoma.

Mikidadi alisubiri yale maneno ya siku zote: mimi mjane, mimi nina yatima, mwogope Mungu. Hayakuja. Mwanamke aliinama, akachota bizari nzima kutoka gunia lililokuwa pembeni, akaitandaza kiganjani.

"Gunia lako lina mawe," alisema. "Wateja wako wanavunjika meno na wewe unatukanwa hujui. Nipunguzie zafarani, nitalichambua gunia zima. Usipolipenda, lirudishe kwenye vumbi ulikolitoa."

Alilichambua, na Mikidadi hakupata jiwe. Akampimia zafarani, akaikunja kwa kipande cha gazeti, akaifunga uzi mwekundu kwa fundo lake mwenyewe, lile dogo lenye mkia ambalo wapinzani wake pale sokoni walishindwa kuliiga. Mwanamke alishukuru kwa kichwa tu. Mikidadi alibaki akimtazama mgongo, akijiambia kuwa leo amekutana na mtu.

Jina lake lilikuwa Arafa. Alizaliwa Kondoa, akaletwa Arusha na mume aliyekuwa utingo wa lori za Wagiriki. Lori likapinduka Makuyuni, mume akazikwa huko huko, na Arafa akabaki na binti mmoja, Tunu, na chumba kimoja katika nyumba ya shemeji yake, Shomari. Alipika maandazi alfajiri, akayauza kwa abiria stesheni, akarudi kufua. Hakuwa mtu wa kulalamika, na kwa sababu hiyo watu walidhani hana shida.

Shida yake ilikuwa Tunu. Mtoto alikuwa mwerevu wa kutisha. Ukimtuma vitu kumi na viwili dukani analeta kumi na viwili na chenji kamili. Katika chuo cha Kurani alizisoma sura fupi zote kwa moyo, kwa sauti iliyowafanya wazee wanyamaze. Lakini ukimwekea herufi mbele, ama za chuoni ama za shuleni, anakuwa kama mtu aliyesukumwa gizani. Kitabu cha darasa la pili kilianza na maneno *Baba analima*. Tunu alisoma *Dada analima*. Alichapwa, akasoma *Bada*. Alichapwa tena, akanyamaza. Wenzake walimpa jina la Babadada, nalo likamfuata mpaka kisimani.

Hedimasta wa shule ile, Bwana Solomoni, mtu wa kaptura iliyopigwa pasi na kitambi cha heshima, alikuwa na benchi la nyuma aliloliita benchi la punda. Tunu alikaa hapo mwaka mzima. Sasa hedimasta alikuwa ametangaza: mwisho wa muhula, mbele ya wazazi, kila mtoto atasimama na kusoma. Asiyeweza, jina litafutwa, nafasi apewe mwingine. Na Shomari naye alikuwa ametangaza ya kwake: jina likifutwa, Tunu atakwenda kulea mapacha wake, na baada ya hapo atatafutiwa mume, maana kichwa chake ni cha kubebea maji.

Ndipo akatokea Maalim Msafiri. Hakuwa sheikh wa msikiti wowote. Masheikh wa mjini walimjua, na hawakumjibu salamu kwa furaha. Alimwambia Arafa kuwa herufi zimekataa kuingia kwa macho, basi ziingizwe kwa tumbo. Kombe kila asubuhi. Zafarani alete mwenyewe mama, iliyo safi, ya kwa Mikidadi.

Arafa alirudi kununua mara kadhaa, na kila mara alilipa nusu kwa kazi ya mikono yake. Mikidadi hakuuliza. Mtu hamhoji mteja mzuri.

Siku moja alikuja na mtoto. Tunu alikuwa mwembamba, macho makubwa, na alipomwamkia "Shikamoo" Mikidadi aliona ulimi. Ulikuwa wa manjano. Manjano ya kelele, kama ya mikeka mipya. Meno hivyo hivyo. Kabla hajaitikia marahaba, mtoto akageuka na kutapika kwenye mfereji, na matapishi yake yalikuwa na rangi ile ile, yakashuka taratibu kati ya maganda ya ndizi huku nzi wakiyakwepa.

"Uchafu unatoka," alisema Arafa. "Maalim amesema ni dalili njema."

Mikidadi alitazama pindo la kanga ya Arafa. Lilikuwa na doa la rangi hiyo.

"Umelifua hilo?"

"Mara ngapi. Halitoki."

Zafarani hufifia kwa sabuni na jua. Mikidadi alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Kilichokuwa hakitoki, kilichokuwa kinauzwa kwa kijiko na muuza ukili wa kusukia jirani yake, ni rangi ya mikeka. Akampa mtoto maji asukutue, neno la Maalim akaliahirisha. Bado hakuwa na bidhaa mkononi, yaani ushahidi, na yeye hakupenda kubishana bila bidhaa.

Bidhaa ilijileta. Wiki hiyo hiyo mke wa Maalim, Bibi Sophia, alikuja na mtandio wa hariri na sauti ya chini.

"Nina zafarani, Bwana Mikidadi. Mjomba ameniletea kutoka Unguja. Nataka niuze, jikoni kwangu haina kazi."

Akafungua leso. Ndani yake palikuwa na vifurushi vya gazeti, vimefungwa kwa uzi mwekundu. Fundo lenye mkia halijaguswa.

"Mjomba wako anakaa Unguja ipi?"

"Unguja ile ile moja."

"Na huko nao wanafunga kwa uzi wangu?"

Bibi Sophia alitazama vifurushi, akatazama uzi uliokuwa ukining'inia kwenye msumari nyuma ya Mikidadi, akakunja leso bila haraka na kuondoka akiwa amenyooka. Kimoja alikiacha. Labda alikisahau, labda alidhani kitafunga mdomo.

Mikidadi hakuwa malaika. Mizani yake ilijulikana kusinzia siku za mnada. Lakini alikiangalia kile kifurushi, akakiweka mbali na mizani. Kuiba ni kuiba. Mwizi huchukua mali akakimbia. Huyu alichukua mali, akabaki, akamkalisha mtoto mkekani na kumnywesha mkeka.

Akamwita Arafa, akaweka kifurushi mezani, akamweleza kilikotoka. Arafa alikifungua mwenyewe. Akakikunja tena, akakitia pindoni.

"Twende," alisema.

Maalim Msafiri aliwapokea barazani kwake, sahani ya kombe ikiwa bado imelowa pembeni. Mikidadi hakupenda maneno mengi. Alichovya kidole katika sahani, akakipaka kwenye kofia nyeupe ya Maalim.

"Kaifue hii. Ikitoka, nitakuomba radhi msikitini Ijumaa."

"Bwana Mikidadi, wewe ni mfanyabiashara," Maalim alisema kwa upole. "Haya si mambo yako. Kinachoponya ni maneno. Kinachoandikia hakina neno."

"Basi ungemwandikia kwa mkaa," Arafa alisema. "Mkaa ni wa bure. Kwa nini uliniambia zafarani?"

"Dada yangu, imani yako ndiyo imepungua."

"Imani yangu ulikuwa unaiuza sokoni, imefungwa uzi."

Jirani mmoja alicheka dirishani. Maalim aliingia ndani na kufunga mlango, na kutoka ndani alisema mtoto huyo ni mzito tu, hata bahari nzima ya zafarani isingemfaa. Arafa akatema mate kizingitini, akaondoka.

Alijaribu boma. Alisikia serikali ina watu wanaoshughulika na watoto wenye mikosi. Mikidadi alimsindikiza, kwa kuwa karani alikuwa mteja wake wa iliki. Karani alimsikiliza, akamtazama Tunu, akainua vidole mbele ya uso wake.

"Hivi ni vingapi?"

"Vitatu, shikamoo," Tunu alijibu.

Karani akanong'ona nyuma ya kichwa chake. "Umesikia nilichosema?"

"Umesema jina la mama yako nani."

"Basi hapo ndipo ugumu ulipo," karani alimgeukia Arafa. "Huyu anaona na anasikia. Angekuwa kipofu, wamisionari wapo kule nchi ya Wagogo wanafundisha vipofu. Angekuwa na ukoma, pa kumpeleka papo. Huyu ni mzima, mama. Mzima hana mahali."

"Kwa hiyo nimtoboe macho kwanza?"

"Mama Tunu, usiseme hivyo ofisini."

Walitoka. Mikidadi alikuwa amezoea milango iliyofungwa, maana mlango uliofungwa una bei yake. Huu haukuwa na bei, wala haukuwa umefungwa. Hapakuwa na nyumba nyuma yake. Hilo lilimchukiza kuliko Maalim.

Mtu aliyewafaa alikuwa akimsumbua Mikidadi kila siku ya soko. Elizabeth, Mmeru wa upande wa Kikatiti, mrefu, mkavu, alileta ndizi kwa vikapu na kuzipanga mbele ya duka lake, kwenye baraza, kwenye kivuli ambacho Mikidadi alikuwa anakikodisha. Kila soko walikorofishana. Zamani alikuwa akifundisha wasomaji misheni, yaani watu wazima wanaojiandaa kubatizwa, wengi wao wazee ambao hawakuwahi kushika kitabu. Akagombana na mwinjilisti, akaambiwa apumzike, akapumzikia kwenye ndizi.

"Wazee wenye macho mabovu uliwafundishaje?" Mikidadi alimuuliza siku moja, katikati ya ugomvi.

"Kwa vidole. Kwa nini? Unataka kubatizwa?"

Akamweleza. Elizabeth alisikiliza huku akipanga ndizi zake.

"Mtoto wa Kiislamu. Watasema nambatiza."

"Hamna kitabu cha dini. Msome magunia, msome karatasi za majani ya chai. Vyote vipo ndani humu."

"Na mimi napata nini?"

"Baraka."

"Baraka ninazo nyumbani. Nataka baraza hili. Kivuli chote, kila soko, usinitoze, na usinisemeshe."

Walivutana mpaka jua likahama. Mwisho ulikuwa hivi: Elizabeth alipata baraza lote. Mikidadi alipata Arafa wa kuchambua magunia yake, kazi ambayo vibarua waliiharibu siku zote. Arafa alipata mwalimu. Mikidadi alipiga hesabu kichwani akaona hajaumia, na hilo lilimtosha. Wala hakuna aliyemtaka ajifanye amefanya hisani.

Elizabeth alikata kamba ya katani, akailowesha, akaikunja juu ya ubao wa mizani kuwa herufi, moja baada ya nyingine. Akamwambia Tunu afumbe macho na kuzipapasa. Nyingine zilikubali upesi. *b* na *d* zilikataa. Tunu alizipapasa, akazitaja, akakosea, akaanza kulia bila sauti, kama mtoto aliyezoea kuchapwa akilia.

"Acha machozi, yanalowesha kamba," Elizabeth alisema. "Mkono unaolia chakula ni upi? Huo. Maneno yote ya shuleni yanatembea kuelekea huko. Chuoni, kwa herufi za Kiarabu, yanarudi, sawa, hayo ni ya chuoni. Hapa yanakwenda. Sasa niambie, mtu mwenye kitambi akitembea, kipi kinatangulia?"

Tunu alifikiri. "Kitambi."

"Mtazame mwenye duka."

Mikidadi alikuwa amesimama ubavu mlangoni. Hakupata nafasi ya kulivuta tumbo ndani.

"Huyo ni *b*. Baba mwenye kitambi, tumbo mbele. Papasa. Na dada akitumwa alee, mtoto anakaa wapi?"

"Mgongoni."

"Papasa hii. Tumbo hana, mzigo uko nyuma. Huyo ni *d*. Dada mwenye mtoto mgongoni. Ukikutana nao usiwaulize majina. Uliza mzigo uko wapi."

Tunu alipapasa moja, akapapasa nyingine. Akarudia. Kisha akafungua macho, akamtazama Mikidadi tumboni, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, akacheka.

"Ndiyo maana nilikuwa nawachanganya," alisema. "Wote walikuwa wamesimama tu."

Arafa alikuwa nyuma, ungo wa bizari magotini. Aliendelea kuchambua, ila Mikidadi aliona mawe yanabaki na bizari inatupwa.

Siku ya shule ilifika muhula ukiisha. Shomari alikataa kwenda kusimama na mjinga, kwa hiyo Arafa alimwomba Mikidadi, maana hedimasta hakumsikiliza mwanamke peke yake. Wazazi walipangwa ukutani. Watoto walisimama mmoja mmoja, wakasoma kwa sauti ya kuimba, haraka. Mikidadi, aliyejua kusoma kiasi cha duka, aliona wawili kati yao wameshika kitabu huku macho yakiwa dirishani. Waliimba walichokariri, wakapigiwa makofi.

Tunu aliitwa mwisho. Darasa likaguna, "Babadada." Aliweka kitabu mezani, akaweka kidole chini ya neno. Midomo yake ilitembea: *kitambi... kitambi.* Kisha kwa sauti: "Ba... ba." Kidole kikasogea. "A-na-li-ma." Akameza mate. "Baba analima. Da... *mgongoni*... dada ana—"

"Unasoma au unaagua?" hedimasta aliuliza.

Darasa zima likaangua kicheko, na wazazi nao.

"Nasoma, Bwana Mwalimu."

"Kitambi kimeandikwa wapi hapo? Nionyeshe kitambi."

Tunu, kwa kuwa alikuwa mtoto na ameulizwa, alionyesha. Alionyesha *b* kwenye kitabu. Kisha, kwa kusaidia, akaonyesha tumbo la hedimasta. Kicheko kilichofuata hakikuwa cha kumcheka yeye, na hapo ndipo alipoponzeka. Bwana Solomoni alifunga kitabu kidole cha mtoto kikiwa bado ndani.

"Kaa chini. Jina limefutwa."

"Amesoma," Arafa alisema kutoka ukutani. "Neno kwa neno, amesoma."

"Mama, mwenzake amemaliza ukurasa kwa muda ambao huyu amemaliza mstari. Inspekta wa shule akija hana siku nzima."

Watu walipotawanyika Mikidadi alimfuata hedimasta ofisini. Alikuwa hajashindwa kuongea na mtu yeyote mwenye kitu cha kutoa.

"Bwana Solomoni, tuzungumze. Kila mtu ana kitu anachokosa. Wewe unakosa nini?"

"Sikosi kitu, bwana. Inspekta akija, nataka akute darasa lisilo na mtoto hata mmoja asiyejua kusoma."

"Basi mfundishe."

"Kumfundisha ni miaka. Kumfuta ni leo." Alisema kwa adabu kabisa, akinyoosha kaptura. "Na nafasi imeshapata mtu. Tangu mwezi uliopita."

Mikidadi alisimama pale akinusa chaki na mafuta ya nywele ya yule mtu, akautoa mkono mfukoni mtupu. Mtu huyo angekuwa amenunuliwa, Mikidadi angeweza kumpandia bei. Huyu alikuwa amejiuza mwenyewe kwa ripoti nzuri, na Tunu ndiye aliyekuwa chenji.

Inspekta alikuja, akakuta darasa safi, akasifu. Bwana Solomoni alipelekwa shule kubwa zaidi, akaagwa kwa chai. Maalim Msafiri alihamia Babati, na habari zilizofika ni kwamba wateja anao. Shomari alipokuja kumchukua Tunu, Arafa alikataa, na kwa kukataa akapoteza chumba. Akapanga Kijenge, mahali penye kuvuja, akalipa kwa maandazi na kwa magunia.

Mikidadi alipoteza baraza lake moja kwa moja. Elizabeth hakuondoka tena, na wanawake wengine walianza kuleta watoto wao wa benchi la nyuma, wakawaketisha kati ya ndizi na kamba za katani, wakaziba mlango siku za mauzo. Alifoka kila soko. Lakini bizari yake ilikuwa haina jiwe, na wapishi wa hoteli waliijua, kwa hiyo alifoka akiwa anapima.

Tunu hakurudi shule, wala cheti hakupata maisha yake yote. Alisoma. Polepole, kidole chini ya neno, midomo ikinong'ona vitambi na migongo hata alipokuwa mtu mzima, na watu waliomsikia waligeuza nyuso wacheke. Lebo za magunia alizisoma yeye, barua za wateja alizisoma yeye.

Siku moja mteja mmoja alimpongeza Arafa kwa binti yake, akasema hatimaye umeshinda.

"Nilitaka shule na kusoma," Arafa alijibu bila kuinua kichwa kwenye ungo. "Nimerudi na kimoja, na nimelipa bei ya viwili. Huko si kushinda."

Mteja alimtazama Mikidadi, kama anayetafuta neno la kulainisha. Mikidadi alishika mizani. Akamuuliza anataka iliki kiasi gani.